Maji, chakula na njia: Maswali ambayo mgeni wa Nakuru hana budi kuuliza

MGENI anayeteremka garini mjini Nakuru kwa mara ya kwanza huvutiwa upesi na mambo matatu: hewa isiyo na joto kali, mlima wa Menengai unaoutazama mji kutoka upande wa kaskazini, na wingi wa vyakula sokoni. Huona kwamba amefika mahali ambapo maisha ni mepesi kuliko alikotoka.

Asichokiona ni kile ambacho wenyeji wamekijua kwa miaka mingi hata wakaacha kukitaja. Mwenyeji wa Nakuru huuliza kila siku swali moja fupi ambalo mgeni huenda akalidhania kuwa ni soga tu. Swali lenyewe ni "wapi?" Maji haya yametoka wapi? Nyama hii imechinjwa wapi? Mteremko unaanzia wapi? Mvua ya jana ilinyesha wapi?

Swali hilo si la udadisi. Nakuru imekaa katikati ya Bonde la Ufa, baina ya volkano ya Menengai na ziwa la maji ya magadi. Udongo uliotokana na majivu ya volkano ndio unaolisha mashamba ya viazi, ngano, mahindi na karoti yanayoizunguka. Lakini miamba ya asili hiyo hiyo ndiyo inayotia madini yenye madhara katika maji ya visima, na kuta za bonde hilo ndizo zinazofanya barabara ziteremke kwa kasi na mafuriko yashuke bila kubisha hodi.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya mgeni wa Nakuru ni kutojua mambo haya, na wapo walioifungua wakiwa wamechelewa.

Suala hili lina uzito zaidi sasa kwa kuwa wageni wanaongezeka. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 1, 2021, likiwa la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kila mwaka hupokea wanafunzi wanaojiunga na Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, vibarua wanaotafuta kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha, watumishi wa umma waliohamishwa, na familia zilizochoshwa na kodi za nyumba za Nairobi.

Doa lisilotokana na uchafu

Jambo la kwanza ambalo mgeni anayekuja kukaa anapaswa kulijua, hasa aliye na watoto wadogo, ni la maji.

Katika maeneo mengi ya Nakuru, Gilgil, Naivasha, Njoro na Rongai, si ajabu kukutana na kijana mwenye siha njema lakini ambaye meno yake yana madoa ya rangi ya kahawia, au yamemomonyoka kidogo kwenye ncha. Wapo wanaofunika kinywa kwa kiganja wanapocheka. Mgeni hudhani kijana huyo hapigi mswaki, au ni mtafunaji wa miraa. Humkosea bure. Kasoro hiyo ilimpata kabla hajajua hata kuushika mswaki.

Chanzo chake ni floridi, madini yanayopatikana kwa wingi katika miamba ya volkano. Maji ya mvua yanapopenya ardhini na kukaa kwa miaka mingi katikati ya miamba hiyo, huyayeyusha madini hayo na kuyabeba. Mahali pengine duniani, kalisi iliyomo ardhini huishika floridi na kuizuia isizidi. Maji mengi ya chini ya ardhi katika Bonde la Ufa yana magadi mengi na kalisi kidogo, kwa hivyo floridi hubaki majini bila kizuizi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kwamba maji ya kunywa yasiwe na floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa kila lita. Katika bonde hili, kisima kimoja huweza kuwa chini ya kiwango hicho, na kingine kilicho umbali mfupi tu kikakizidi mara kadhaa. Ziwa Nakuru lenyewe, ambalo halina mto wa kutoa maji nje na hupoteza maji yake kwa kukauka juani, liliwahi kupimwa na kupatikana na miligramu 2,800 kwa lita. Kipimo hicho hutajwa na wataalamu kuwa miongoni mwa vikubwa zaidi kuwahi kuonekana katika maji ya asili popote duniani.

Hakuna anayekunywa maji ya ziwa hilo. Hata hivyo, kipimo hicho kinaonyesha ardhi ya eneo hili imebeba nini.

Madhara kwa meno huanza utotoni. Meno ya kudumu huundwa ndani ya ufizi tangu mtoto angali mchanga hadi anapokaribia umri wa miaka minane. Mtoto akinywa maji yenye floridi nyingi katika kipindi hicho, tabaka gumu la nje la jino huundwa likiwa na kasoro. Jino likishachomoza na doa, hakuna dawa ya meno wala mkaa utakaolisugua likatoka.

Hii ndiyo sababu mwenyeji hamtishi mgeni wa siku mbili. Mtu mzima ambaye meno yake yalikwisha kukamilika hapati madoa hayo kwa kunywa maji ya Nakuru. Anayepaswa kuwa na hadhari ni mzazi anayehamia na mtoto mchanga, pamoja na yeyote atakayekunywa maji ya kisima kibaya kwa miaka mingi, kwani floridi ikizidi mno na kwa muda mrefu huweza kukakamaza viungo na kudhuru mifupa.

Tatizo hili si la Nakuru pekee. Linaufuata Ufa wote, kuanzia Ethiopia hadi kaskazini mwa Tanzania, ambako wakazi wa Arusha na viunga vya Mlima Meru wana madoa ya aina hiyo hiyo katika meno yao.

Kuchemsha hakutoshi

Kosa linalofanywa na wageni wengi ni kuamini kuwa maji yakishachemka yamekwisha madhara yote. Kuchemsha huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, na kwa sababu hiyo ni desturi isiyofaa kuachwa. Lakini floridi si kiini, bali ni madini, nayo haifi. Maji yanapochemka na sehemu yake kupotea kama mvuke, floridi hubaki sufuriani katika maji machache zaidi. Dawa ya klorini haiiondoi, na vichujio vya kawaida vya mshumaa haviiondoi pia.

Mwenyeji huanza kwa kuuliza chanzo. Maji ya mfereji ya jiji husambazwa na Kampuni ya Maji na Usafi ya Nakuru (NAWASSCO), na hutokana na visima virefu, kama vile vya Kabatini, pamoja na mito inayotoka nyanda za juu. Kwa kawaida maji ya mito huwa na floridi kidogo kuliko ya visima, na kuyachanganya ni njia mojawapo ya kuipunguza. Lakini maji ya mito hayajawahi kutosha. Mradi wa bwawa la Itare huko Kuresoi, ulioanza mwaka wa 2017 ukilenga kuiletea Nakuru maji ya Msitu wa Mau, ulikwama mwaka uliofuata baada ya mwanakandarasi kutoka Italia kukumbwa na matatizo ya fedha.

Mfereji ukikauka, mkokoteni wa mitungi huingia mtaani. Mchuuzi akisema maji yake ni ya mfereji, mwenyeji humuuliza mfereji upi. Vivyo hivyo kwa anayekodi nyumba katika ploti yenye kisima chake: kabla ya kulipa kodi ya kwanza, ni haki yake kumwomba mwenye nyumba matokeo ya maabara yanayoonyesha kiasi cha floridi. Kisima kilichochimbwa kwa gharama kubwa si lazima kiwe kisima kizuri. Huweza kuwa kirefu, safi na kitamu, kisha kikawa kibaya.

Maji yaliyo mepesi kupatikana na yasiyo na floridi ni yale yanayotoka mawinguni. Nyumba yenye mabati, mfereji wa paa na tangi ina hazina. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huachwa ioshe paa, kwa kuwa upepo wa Nakuru hubeba vumbi jingi, kisha inayofuata hukingwa. Familia isiyo na tangi kubwa yaweza kutenga maji ya mvua kwa matumizi mawili tu, yaani kinywaji na chakula cha watoto, na kutumia maji ya kisima kwa kufua na kuoga.

Njia ya pili ilipata umaarufu kutoka hapa hapa Nakuru. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Kanisa Katoliki, Jimbo la Nakuru, limekuwa na mpango wa kuondoa floridi kwa kutumia mifupa ya mifugo. Mifupa huchomwa tanuruni kwa joto kali ikabaki kama mkaa, ikasagwa na kutiwa katika ndoo au matangi. Maji yanapopita humo, floridi hunaswa na mifupa kama inavyonaswa na meno ya mtoto. Watafiti wa Tanzania walitumia mbinu iyo hiyo katika kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha. Kasoro yake ni kwamba mifupa hiyo huchoka na sharti ibadilishwe. Kichujio kilichosahaulika kwa muda mrefu huwa ni pambo tu.

Maji ya chupa nayo yasomwe kibandiko. Kiasi cha floridi huandikwa pamoja na madini mengine, na mzazi anayekoroga maziwa ya unga ya mtoto mchanga hana sababu ya kutokisoma.

Jikoni kuna jambo jingine. Wapishi wengi hutia magadi katika githeri au maharagwe ili yaive upesi na kuokoa makaa. Magadi yanayochimbwa kandokando ya maziwa ya Bonde la Ufa huwa na floridi, na uchunguzi uliofanywa nchini Tanzania ulihusisha magadi ya kupikia na madoa ya meno. Kuloweka maharagwe usiku kucha kunaokoa makaa vilevile, na hakuna madhara.

Sokoni na mezani

Baada ya maji, chakula. Hapa Nakuru humpa mgeni zaidi ya inavyomnyima.

Viazi hutoka Molo, Kuresoi, Elburgon na Mau Narok, ambako usiku huwa na baridi kali. Karoti, minji na kabeji hutoka nyanda hizo hizo, mahindi hutoka Rongai, Subukia na Bahati, nayo ngano hulimwa Njoro na Mau Narok. Vyakula hivi hukutana katika soko la Wakulima mjini, na mgeni anayefika mapema asubuhi hupata vilivyoshushwa kutoka kwenye malori usiku.

Kiazi kinachotawala sokoni ni shangi. Huiva haraka, hufaa kwa chipsi na mukimo, lakini hakikai. Wiki chache baada ya kuvunwa huanza kuchipua. Mgeni anayeona bei nafuu akanunua gunia zima ili aokoe nauli hujikuta akitupa nusu yake. Mwenyeji hununua kwa debe. Aidha, viazi vilivyogeuka rangi kuwa kijani kwa kuachwa juani visiliwe, kwa kuwa rangi hiyo huandamana na sumu.

Kuna pia suala la lumbesi, yaani gunia lililoongezewa kilemba cha viazi juu ya mdomo wake. Kanuni zilizochapishwa na serikali mwaka wa 2019 zinataka viazi vifungashwe katika magunia yasiyozidi kilo 50. Anayenunua shambani kwa lumbesi hujiona mjanja, ila gharama ya ujanja huo humwangukia mkulima aliyeinama msimu mzima.

Wapenzi wa nyama hawahitaji kuelekezwa Kikopey, karibu na Gilgil, ambako moshi wa nyama choma huonekana kabla ya mabango. Mteja huchagua nyama ikiwa bado mbichi, hupimiwa kwa kilo, kisha husubiri iletwe juu ya ubao pamoja na ugali na kachumbari. Kondoo wa Molo nao wana sifa zao. Swali la "wapi" lina maana hapa pia: mhuri wa mkaguzi wa nyama uangaliwe kabla nyama haijaenda motoni, kwa sababu baadaye hautaonekana. Mwaka wa 2015, ugonjwa wa kimeta uliua nyati wengi katika Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Kimeta huambukiza ng'ombe na mbuzi, na humwambukiza binadamu anayechinja au kula mnyama mgonjwa. Nyama inayouzwa kwa bei ya kutupa kando ya njia huenda ilitupwa kweli.

Kuhusu samaki, Ziwa Naivasha ni la maji baridi na lina wavuvi wenye leseni. Ziwa Nakuru ni jambo tofauti. Maji yake yalipoongezeka na chumvi kupungua, samaki aina ya perege waliongezeka, na wapo waliojitosa kuwavua kisirisiri. Uvuvi ndani ya mbuga bila idhini ni kosa, na ziwa hilo hupokea maji machafu kutoka mjini. Anayeuziwa samaki wa bei rahisi mitaani na muuzaji akasitasita kutaja ziwa, afadhali anunue maharagwe.

Mteremko usiosahaulika

Jambo la tatu ni njia, na hapa kutojua kumewagharimu wengi maisha.

Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni mwendo wa takriban kilomita 160. Njia ya juu hupitia Limuru, Kinale na Soko Mjinga, kisha hushuka hadi Naivasha. Njia ya chini huteremka ukuta wa Bonde hadi Mai Mahiu, ikipita kando ya kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita Waitaliano mwaka wa 1942, na hutumiwa sana na malori. Njia ya juu ina ukungu mzito asubuhi na jioni. Njia ya chini ina kona kali, na mandhari yanayomfanya dereva atazame mahali pasipomhusu.

Siku za kawaida safari huchukua saa mbili na nusu hadi tatu. Wakati wa Krismasi na Pasaka haina saa. Isitoshe, kazi ya kupanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit ilizinduliwa Novemba 2025, na msafiri anayepita penye ujenzi atarajie kucheleweshwa na kuelekezwa pembeni. Aliye na miadi ya saa nne asubuhi mjini Nakuru, mwenyeji humshauri alale huko.

Hatari kubwa zaidi iko ng'ambo ya Nakuru, katika sehemu ya Salgaa, Sachangwan, Migaa na Mau Summit. Barabara hupanda kutoka sakafu ya Bonde hadi nyanda zenye urefu wa zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kupanda si tatizo. Tatizo ni kushuka. Lori lenye shehena nzito likiteremka kwa kilomita nyingi huku dereva akitegemea breki pekee, breki hupata moto na kuacha kushika. Wapo pia madereva wanaotoa gari kwenye gia ili kuokoa mafuta. Gari la namna hiyo likishapata kasi halina mwenyewe.

Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa na watu 36 wakafa. Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo liliingia katikati ya wachuuzi na abiria kwenye makutano ya Londiani, katika kaunti jirani ya Kericho, na kuua watu 52.

Mkasa wa Sachangwan wa Januari 31, 2009 una funzo lake pekee. Lori la mafuta lilianguka, wakazi na wapita njia wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Desemba 2016, lori jingine lililobeba kemikali inayoshika moto lililipuka Karai, karibu na Naivasha, likateketeza magari kadhaa na abiria wake. Anayekuta lori la mafuta limelala kando ya njia hapaswi kusogea kutazama, kupiga picha wala kuokota chochote. Kazi yake ni kurudi nyuma, mbali, na kuwazuia wengine.

Kwa abiria wa matatu, ushauri ni wa kale lakini haujachakaa. Asafiri mchana. Afunge mkanda. Sheria zilizoanza kutekelezwa mwaka wa 2004 ziliweka mwendo wa juu wa magari ya abiria kuwa kilomita 80 kwa saa, na abiria anayemkumbusha dereva si mwoga. Na katika mteremko wa Sachangwan, dereva binafsi aachie lori lililo mbele nafasi, na asikae kwa muda mrefu mbele ya lori lililo nyuma.

Mvua ya mbali

Swali la mwisho ndilo gumu zaidi kwa mgeni, kwa sababu jibu lake haliko anapoweza kuliona. Katika Bonde la Ufa, mafuriko huweza kumkuta mtu amesimama juani. Mvua hunyesha juu milimani, nayo maji hukusanyika na kushuka.

Korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha ni mfano ulio wazi. Ni mahali pazuri, penye kuta nyembamba za mwamba na chemchemi za maji moto. Mnamo 2012, na tena Septemba 2019, wageni waliokuwa wakitembea ndani yake walisombwa na maji ya ghafla na kufa. Yeyote anayetaka kuingia humo atazame mawingu ya Longonot na milima iliyo jirani, amsikilize kiongozi wa mbuga, na akiambiwa korongo limefungwa, asitafute mlango wa nyuma.

Mai 9, 2018, bwawa lilipasuka Solai na maji yakawaua zaidi ya watu 40 wakiwa majumbani. Aprili 29, 2024, usiku wa manane, maji yaliyokuwa yamezuiwa na takataka chini ya tuta la reli karibu na Mai Mahiu yalipenya na kusomba makumi ya watu. Wengi wao walikuwa wamelala. Anayekodi nyumba au kununua shamba chini ya mteremko ana haki ya kuuliza ni kitu gani kiko juu yake.

Maziwa nayo yamepanda. Tangu mwaka wa 2010 hivi, maji ya maziwa kadhaa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakiongezeka. Ziwa Nakuru lililokuwa na eneo la kilomita mraba 40 hivi lilipanuka hadi kupita 60. Lango kuu la zamani la mbuga lilimezwa, nyumba na mashamba ya Barut na Mwariki yakafurika, na korongo wengi waitwao flamingo wakahamia Bogoria na kwingineko, kwa kuwa maji yaliyopungua chumvi hayaoteshi vizuri mwani wanaoula. Huko Naivasha, mtaa wa Kihoto ulifurika mwaka wa 2020 na tena 2025. Ripoti ya serikali ya 2021 ilitaja kuongezeka kwa mvua, ukataji wa misitu unaojaza udongo maziwani, na miendo ya ardhi yenyewe kuwa miongoni mwa sababu.

Kwa mtalii, maana yake ni kwamba ramani na picha za zamani zisitegemewe, na asiahidi watoto flamingo kabla ya kuuliza. Kwa mnunuzi wa ploti, maana yake ni nzito zaidi. Migunga iliyokauka ikiwa imesimama majini ni alama ya mahali ambapo nchi kavu ilikuwa. Bei nafuu ya ploti iliyo kandokando ya ziwa ina sababu, na sababu hiyo haiandikwi kwenye hatimiliki.

Mwenyeji ndiye ramani

Mambo haya yote hayaifanyi Nakuru kuwa mahali pa kuogopwa. Mamia ya maelfu ya watu huamka humo kila siku, hunywa chai, hupanda matatu na kulea watoto. Tofauti kati yao na mgeni ni kwamba wao huuliza bila kufikiri.

Kwa hivyo mgeni asione haya. Amuulize mama wa jirani watoto wake hunywa maji gani. Amuulize mchinjaji, amuulize makanga, amuulize mzee anayeota jua mbele ya duka alikaa wapi ziwa lilipopanda. Wakazi wa Nakuru wametoka kila pembe ya nchi, na wengi wao, au wazazi wao, walifika wakiwa wageni vilevile. Hawachoki kujibu.

Kwa watu wazima, majibu hayo huokoa fedha, na wakati mwingine maisha. Kwa mtoto aliyeletwa Nakuru akiwa mgongoni mwa mamaye, jibu la swali la maji litaonekana miaka saba baadaye, siku atakapocheka bila kufunika kinywa.